Nifungie Hiki! Vidokezo 9 kwa Mlaji Aliye Safarini

Houston, sahani moja ya kuku na viazi inashibisha baba, mama na kitinda mimba wao. Paris, umelipa pesa ya kumsomesha mtoto muhula mzima (haya, nimetia chumvi kidogo), ukaletewa kipande cha samaki na majani matatu. Chakula cha mgahawani hakina kipimo kimoja duniani, na ukienda kichwakichwa utaumia mara mbili: tumboni na mfukoni. Usijali, msafiri wetu. Haya tisa unaweza kuyasoma kabla mhudumu hajafika mezani.

1. Macho kwanza, menyu baadaye

Ukishakaa, usikimbilie menyu. Chungulia meza ya jirani, kwa adabu jamani, uone sahani zinazotoka jikoni zina ukubwa gani. Tofauti si ya kudhania. Mwanasaikolojia Paul Rozin na wenzake walipima chakula cha mikahawa ya Paris na ya Philadelphia, wakachapisha matokeo mwaka 2003: pakuo moja la Paris lilikuwa na wastani wa gramu 277, la Philadelphia gramu 346. Robo nzima zaidi! Hata mikahawa ya Kichina ya Philadelphia ilipakua kingi kuliko mikahawa ya Kichina ya Paris.

Na usijidanganye kwamba utaacha ukishiba. Mtafiti Barbara Rolls na wenzake, katika utafiti uliotoka mwaka 2002, waliwapa watu makaroni ya jibini kwa vipimo mbalimbali. Walipowekewa gramu 1,000 walikula takriban asilimia 30 zaidi ya walivyokula walipowekewa gramu 500. Tumbo lilikuwa lile lile. Kilichoongezeka ni sahani. Basi swali lako la kwanza kwa mhudumu liwe hili: "Hii inatosha watu wangapi?" Ni la bure.

2. Nusu si ufukara

Nani alisema lazima uagize nzima? Kwenye nyama choma tunajua mambo haya tangu zamani: nusu kilo, robo kilo, mwenye njaa anaongeza. Ureno wana utaratibu kama huo, na uko kwenye menyu kabisa: "meia dose", yaani nusu pakuo, na mara nyingi hiyo nusu inamtosha mtu mzima mwenye afya zake. Hispania utaomba "media ración". Brazili kuna migahawa ya kilo, unajipakulia unachotaka, sahani inawekwa kwenye mizani, unalipia uzito. Ukiona bei imepanda, ujue mkono wako ndio uliopakua. Muscat au Dubai, kabla ya kuagiza mandi ya kuku mzima, uliza kama ipo ya nusu. Wali wake ni mlima.

Unasafiri na watoto? Ujerumani migahawa mingi ina kitu cha kufurahisha, "Räuberteller", sahani ya mnyang'anyi: mtoto anapewa sahani tupu na uma, anapora kwa baba na mama.

3. Marekani: boksi lije na chakula

Marekani ndiyo mwalimu wa kufungasha. Hakuna atakayekukodolea macho. Mhudumu mwenyewe atakuuliza kama unataka boksi. Ila wengi wetu huliomba mwishoni, wakati sahani imeshachezewa, mchuzi umemwagikia viazi na viazi vimelowa. Fanya hivi: omba boksi chakula kinapofika. Gawa nusu, funika, weka pembeni. Kilichobaki kwenye sahani ndicho chakula chako cha leo, na kule kwenye boksi kumetulia, kumepangika, hakuna alama za uma.

Kitu kingine: kachumbari na majani yaliyokwisha kumwagiwa sosi hayalali salama, kesho yatakuwa yamenyauka. Uyale leo, nyama iende nyumbani. Na angalia ule mkate au chipsi za mahindi zinazoletwa mapema bila kuitwa. Ni za bure na zina njama.

4. Ufaransa na Hispania: sheria iko upande wako

Zamani kuomba kufungiwa mabaki Paris kulihitaji moyo. Siku hizi, tangu tarehe 1 Julai 2021, mgahawa wa Ufaransa unatakiwa na sheria umpatie mteja anayeomba chombo cha kubebea chakula alichobakiza, kiwe cha kutumika tena au cha kurejelezwa. Hispania nao walipitisha sheria yao mwaka 2025, na kule mgahawa unatakiwa hata kumjulisha mteja kwamba anaweza kubeba. Kwa hiyo usinong'one wala usijikunyate. Tabasamu, sema "tafadhali", elekeza kidole kwenye sahani. Onyo moja tu: nchi zote mbili zimeacha nje bufee ya kula mpaka ushibe.

5. China: sahani moja pungufu

Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh mnaoshuka Guangzhou kila msimu, hiki ni chenu. Mezani kule vyakula huwekwa katikati, kila mtu anachokoa, na mwenyeji anayetaka kukuheshimu ataagiza hadi meza ilie. Kwa mila, kuacha kidogo ni kumwambia mwenyeji kwamba amekushibisha. Ukifagia kila kitu anaweza kudhani hakikutosha, akaongeza. Umeshaelewa mchezo.

Lakini mambo yamebadilika. Tarehe 29 Aprili 2021 China ilipitisha sheria ya kuzuia upotevu wa chakula. Mgahawa unaomshawishi mteja aagize kupita kiasi unaweza kuonywa na hata kutozwa faini, na mteja anayeacha lundo mezani anaweza kudaiwa gharama ya kulitupa, mradi bei imebandikwa wazi. Mwaka uliotangulia, chama cha wenye migahawa cha Wuhan kilikuwa kimependekeza hesabu nyepesi: idadi ya watu, toa moja. Mko watano, agizeni sahani nne. Mkiona hazitoshi, ongezeni. Hesabu hiyo inafaa kokote wanakokula kwa kuchangia, Mwanza ikiwemo.

Kikibaki, mwambie mhudumu "dabao". Makopo yatakuja. Sehemu nyingi wanayatoza pesa kidogo, usigombane naye kwa hilo.

6. Japani: omba wali kidogo, maliza palepale

Hapa desturi inageuka. Migahawa mingi ya Japani haipendi ubebe mabaki, kwa hofu kwamba chakula kitaharibika njiani, uugue, na lawama iwarudie wao. Wizara ya Mazingira imekuwa ikihimiza kubeba tangu 2020 kwa kampeni waliyoipa jina mottECO, lakini usitegemee kila mlango utakuitikia. Silaha yako iko mwanzoni: omba wali upunguzwe. Ni ombi la kawaida kabisa, na kumaliza wali wako ni heshima.

Kama umealikwa kwenye karamu ya kikazi, chukua mbinu ya mji wa Matsumoto. Dakika 30 za mwanzo watu wanakaa na kula, na dakika 10 za mwisho wanarudi vitini kumaliza kilichobaki. Soga zinakaa katikati. Kamati zetu za harusi zisome hapa mara mbili.

7. Bufee: zunguka mikono mitupu

Kosa la bufee hufanyika kwenye mita mbili za kwanza, pale palipowekwa mikate, wali mweupe na viazi. Ukifika kwenye kamba sahani imejaa. Dawa yake: mzunguko wa kwanza usishike sahani. Tembea, kagua, amua, kisha rudi na sahani ndogo. Kurudi mara tatu hakuna faini. Kuacha lundo, baadhi ya mahali faini ipo.

Mgahawa wa Carnivore pale Nairobi wamelimaliza suala hili kwa bendera ndogo mezani. Ikiwa imesimama, nyama inaendelea kuja. Ukiilaza, umesalimu amri. Ilaze mapema, hakuna medali.

Na lile la kuchomeka soseji na mayai ya asubuhi kwenye mkoba? Hapana, ndugu yangu. Bufee umelipia kula hapo, hukulipia kubeba.

8. Kiporo kina saa yake

Hapa tusimame kidogo, maana kufungiwa chakula ni rahisi, kukifikisha salama ndiyo kazi. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Marekani wanasema chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32 iwe saa moja tu. Dar mwezi Februari, Mombasa mwezi Machi? Saa moja. Na saa inaanza kuhesabu tangu sahani ilipotua mezani, si tangu ulipopanda bajaji. Ukijua kwamba kutoka hapo unapitia kwa shangazi, kisha sokoni, kisha kwenye foleni ya Ubungo, bora umle kuku wako palepale au umpe mtu mwenye njaa akiwa bado wa moto.

Wali ndio wa kuogopwa zaidi, ingawa sote tumekulia chai na wali wa kiporo. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye vijimbegu vyake havifi wali unapochemka. Wali ukikaa kwenye joto la kawaida vinaamka, vinazaana na kuacha sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto mpaka uungue. Mamlaka ya chakula ya Uingereza inashauri wali uingie kwenye friji ndani ya saa moja na uliwe ndani ya saa 24. Kwa hiyo pilau la kufungiwa jioni liende moja kwa moja kwenye friji likiwa limetandazwa kwenye chombo bapa lipoe upesi, lisilale juu ya kabati likisubiri chai ya asubuhi. Hakuna friji ulikofikia? Wali uumalize mgahawani, ubebe chapati kavu.

Vya nazi vinachacha haraka; hilo bibi yako alishakwambia. Nyama na kuku vikiwa kwenye friji vinakaa siku tatu hadi nne. Wakati wa kupasha, moto ufike katikati kabisa, nyuzi 74 kwa mwenye kipimajoto. Asiye nacho, mchuzi utokote na nyama ifuke mvuke ukiipasua. Pasha unachokula, kingine kiache kwenye ubaridi.

9. Nenda na kopo lako

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na Rwanda ilishatangulia tangu 2008. Enzi za kubebea biriani kwenye rambo zimekwisha, na mfuko wa karatasi na mchuzi havijawahi kupatana. Kopo moja bapa lenye mfuniko unaobana, la ukubwa wa kitabu, linaingia kwenye mkoba wowote. Mama ntilie atafurahi pia, kwa sababu yale makasha meupe anayanunua kwa hela yake.

Ila kopo lina mipaka yake, halisi kabisa. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi kuingia kwenye mizigo ya abiria anayefika huko. Zile sambusa za nyama ulizofungiwa na mama mkwe kwa ajili ya kijana wako aliyeko Berlin zitaishia kwenye pipa la forodha, na mama mkwe hataki kusikia hilo. Uzile kwenye foleni ya kuingia ndege.

Na kama aliyelipa bili ni mwenyeji wako, mabaki ni yake. Ngoja aseme yeye "chukua". Kwa wenyeji wa Oman au Zanzibar hutangoja sana. Shida itakuwa kukataa.

Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako hapo Gigiri, Nairobi, lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 28 yake ilitoka kwenye migahawa, mahoteli na wengine wanaouza chakula kilichopikwa. Wewe huwezi kuziba pengo hilo lote. Unaweza kuliokoa paja lako la kuku. Leo ukitoka kula, mwite mhudumu, sema "nifungie hiki" kwa sauti yako ya kawaida, na umuulize kabisa jirani wa meza ya pili kama na yeye anataka kopo.