SOMO: Tumjue Nyoka Kabla ya Kushika Panga

Mvua zikianza hapa Gatongora tunasikia kilio kile kile: "Nyoka! Leteni panga!" Baada ya dakika tano nyoka amekufa, watu wametawanyika, na hakuna aliyeuliza alikuwa wa aina gani. Katika somo hili tuulize swali hilo, maana wakati mwingine tunayemuua ndiye anayetulindia mahindi.

Mashamba mengi ya kahawa yamekatwa kuwa ploti. Palipo na watu pana mahindi na takataka, na hapo panya huja. Nyoka naye humfuata panya. Hakutumwa na jirani, wala si uchawi. Amefuata chakula tu.

Tujifunze hawa watatu:

1. Nyoka wa nyumba. Ni mwembamba, urefu wake kama mita moja hivi. Rangi ni kahawia, nyekundu ya udongo, au karibu nyeusi. Alama yake kubwa iko kichwani: mistari miwili myeupe-myeupe kila upande, mmoja unapita kwenye jicho na mwingine chini yake. Hana sumu. Hutembea usiku na huua panya kwa kumkaba. Huyu ni mfanyakazi asiyedai mshahara.

2. Moma, ambaye wengine humwita bafe au kifutu. Ni mnene na mfupi, kichwa kipana na bapa. Mgongoni ana alama za mfano wa V zilizofuatana hadi mkiani, juu ya rangi ya kahawia, manjano au kijivu. Hulala kimya njiani wala hakimbii, ndiyo maana watu humkanyaga. Sumu yake huozesha nyama.

3. Swila. Huinua kichwa, hutanua shingo na kutema sumu machoni. Ikiingia jichoni, tuoshe mara moja kwa maji mengi safi, kisha twende hospitali.

Lakini tuwe waangalifu: rangi peke yake hudanganya. Nyoka mla mayai hana sumu, lakini madoadoa yake humfanya afanane na wenye sumu. Nyoka wengi wa kijani tunaowaona karibu na mto hawana madhara, na mamba wa kijani ni wa pwani hasa. Hata hivyo kuna nyoka mwingine wa mitini, mwenye macho makubwa, ambaye pia huweza kuwa wa kijani na sumu yake huua. Basi tuangalie rangi, alama, unene na kichwa kwa pamoja, tukiwa mbali. Kama hatuna hakika, tusimguse. Tuwaondoe watoto, tumwachie njia aende zake.

Mtu akiumwa: tumtulize, tumvue pete na bangili, kiungo kisitikisike, kisha tumkimbize hospitali, Ruiru au Thika Level 5. Tusimchanje kwa wembe, tusinyonye sumu, tusikaze kamba, wala tusingoje jiwe jeusi. Tusipoteze muda kumsaka nyoka. Tumweleze daktari rangi na umbo tulivyoviona. Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka kati ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na wanaoumia zaidi ni watu wa mashambani kama sisi.

Kuzuia ni rahisi: tufyeke nyasi karibu na nyumba, kuni na mawe yakae mbali na mlango, mahindi tuyafunike vizuri, na usiku tutembee na tochi na viatu.

Adamu alipewa kazi ya kuwapa wanyama majina. Huwezi kumpa jina usiyemtazama.

Maswali ya kujadili vikundini:
(a) Nyoka wa mwisho kuuawa kwetu alikuwa na alama gani?
(b) Katika boma letu, panya wanakula wapi?
(c) Mtu akiumwa usiku, ni gari la nani litakalompeleka hospitali?