Kosaini Ipitapo Moja: Siku Jua Lisipochwa

Sisi wa Kampala twahesabu saa zetu kwa jua. Huchomoza karibu saa moja kasoro robo asubuhi, huchwa karibu saa moja kasoro robo jioni, mwaka mzima. Hesabu ya pembe yatuonyesha sababu yake, tena yatufundisha la kufanya tukutanapo na kosaini isiyomo katika jedwali.

Kanuni ni hii:

kos H = −tan L × tan D

L ni latitudo ya mahali, yaani nyuzi zake kutoka Ikweta. D ni nyuzi za jua kutoka Ikweta siku hiyo. Tarehe 21 Juni ni 23° 26′ kaskazini. H ni pembe ambayo dunia huzunguka tangu adhuhuri mpaka jua kuchwa. Dunia huzunguka 15° kila saa. Basi gawanya H kwa 15 upate nusu ya mchana, kisha zidisha kwa 2.

Tuanze Kayabwe, katika njia ya Masaka, panapopita Ikweta. L ni 0, kos H ni 0, na H ni 90°. Mchana ni saa 12 kila siku. Sasa tufanye hesabu ya 21 Juni mahali pengine:

Kampala, L = 0° 19′: kos H = −0.0024; H = 90° 8′; mchana ni saa 12 na dakika 1.

London, L = 51° 30′: kos H = −0.545; H = 123°; mchana ni saa 16 na dakika 24.

(Hewa hupinda mwanga wa jua na kuongeza dakika chache; hizo tumeziacha.)

Twende Tromsø, Norwe, L = 69° 39′. Twapata kos H = −1.1686. Hapa wengi huweka kalamu chini na kuandika, “Haiwezekani,” kwa kuwa kosaini ya pembe ya kawaida haishuki chini ya −1 wala haizidi 1. Lakini hesabu haikukosea. Yasema kwamba siku hiyo hakuna saa ya jua kuchwa. Na ndivyo ilivyo: Tromsø mwezi wa Juni jua huonekana hata usiku wa manane.

Wanafunzi wa madarasa ya juu waweza kuendelea mbele. Chukua namba i, ambayo mraba wake ni −1. Ukipima pembe kwa radiani, π ikiwa ndiyo 180°, basi:

kos (π + iy) = −½ (eʸ + e⁻ʸ)

Weka y = 0.573. Jumla ya 1.7736 na 0.5638 ni 2.3374, nusu yake ni 1.1687, karibu sawa kabisa na ile tuliyoitafuta. Basi H = π ± 0.573i. Tazama sehemu isiyo na i: ni 180°, yaani saa 12 za nusu ya mchana. Mchana mzima ni saa 24! Sehemu yenye i haipimi saa. Yatuonya tu kwamba jua halikugusa upeo wa macho.

Kwa hiyo, jedwali likikosa jibu, usikate tamaa upesi. Uliza kwanza swali lahusu kitu gani.

Zoezi: (1) Fanya hesabu ya Tromsø tarehe 21 Desemba, D ikiwa 23° 26′ kusini, yaani −23° 26′. Sehemu isiyo na i yasema nini? (2) Tarehe 21 Juni, ni kuanzia latitudo gani jua halichwi?