Jumatano: Neno kwa Waliokata Tamaa

Soma Matendo 27:9-11, 20-26 na 33-38. Ni nini kilichowafanya watu waliokuwa wamekata tamaa kabisa wapate moyo wa kula chakula?

Dhoruba ya Matendo 27 haihitaji maelezo mengi kwa washiriki wa Mwanza, Sengerema au Ukerewe. Wengi wana ndugu anayevua dagaa usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, na alfajiri kuna mtu anayeshuka mwaloni kuangalia kama mtumbwi umerudi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, mamia ya watu wakafa, na wengi wao wamezikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kutia nanga Ukara. Waliokufa walikuwa 228. Luka anapoandika kwamba tumaini lote la kuokoka lilikuwa limeondoka, kando ya ziwa hili watu wanajua anasema nini.

Katika meli ya Paulo walikuwamo watu 276, na yeye alikuwa mfungwa tu. Walipokuwa bado Bandari Nzuri aliwaonya kwamba safari ile ingeleta hasara. Akida akamsikiliza zaidi nahodha na mwenye meli. Ndiyo maana katika fungu la 21 Paulo anaanza kwa kuwakumbusha onyo lile. Wengine huona kwamba anawasuta, na labda anawasuta kidogo. Lakini aliyesema ukweli mchungu bandarini ndiye anayeweza kuaminiwa anaposema neno jema katikati ya mawimbi. Kivuko cha MV Nyerere kiliidhinishwa kubeba watu 101, na siku ile kilibeba zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Kusema “twende tu, Mungu yupo, tutafika” katika hali kama hiyo husikika kama imani, lakini kunafanana zaidi na wale manabii wa Yeremia 6:14 waliotangaza amani mahali pasipo na amani.

Hata ahadi yenyewe Paulo hakuipaka sukari. Aliwaambia watu wote wataokoka, lakini meli itapotea, tena watatupwa kisiwani. Na ahadi hiyo hakuitunga ili kuwafariji. Malaika wa Mungu alikuwa amesimama karibu naye usiku ule. Jambo hili lina uzito kwa wale wanaokwenda kuwafariji waliofiwa. Siku mbili baada ya ajali ya Ukara, fundi mmoja wa kivuko alitolewa akiwa hai ndani ya chombo kilichopinduka. Watu walimshukuru Mungu, na ilikuwa haki. Hata hivyo, palikuwa na familia nyingi pale ufukweni ambazo nazo ziliomba, na mpendwa wao akatolewa akiwa maiti. Paulo aliahidi uhai wa watu 276 kwa sababu aliambiwa. Asiyeambiwa asiahidi, akae karibu na mwenye huzuni, alie naye.

Angalia pia kwamba maneno ya Paulo hayakufanya kazi papo hapo. Aliwatia moyo katika fungu la 22, akarudia katika fungu la 25. Ulipofika usiku wa kumi na nne, mabaharia walikuwa bado wanatafuta kutoroka kwa mashua (fungu la 30). Ni katika fungu la 36 ndipo Luka anasema wote walichangamka. Kilichotokea katikati ni kwamba Paulo alitwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaumega, akaanza kula yeye mwenyewe. Neno lilikuwa limekwisha kusemwa. Sasa waliliona likitafunwa. Eliya naye chini ya mretemu hakuhubiriwa kwanza. Aliguswa, akaambiwa ale, kisha akaachwa alale tena (1 Wafalme 19:5-8).

Mama aliyefiwa na mume ziwani hupata wageni wengi wakati wa msiba. Nyimbo huimbwa, mafungu husomwa, wazee huomba. Kisha turubai hushushwa na sufuria kubwa hurudishwa kanisani. Wiki ya sita ada ya shule inadaiwa, na nyavu za marehemu zinagombaniwa na ndugu zake. Isaya 50:4 inamzungumzia mtu ajuaye kumtegemeza aliyechoka kwa neno, ambaye sikio lake huamshwa asubuhi baada ya asubuhi. Mtu wa namna hiyo angesikia nini katika nyumba ile wiki ya sita?

Maswali ya kujadili:

Kuna onyo gani ambalo darasa lako linaogopa kulisema “bandarini”, kwa mfano kuhusu usalama wa wavuvi na wasafiri?

Ni nani mtaani kwako ambaye turubai lake limekwisha kushushwa? Pangeni, kabla ya Sabato kwisha, nani atakwenda kwake na atabeba nini.