Kiroba kitupu kina bei

Ndugu wakazi, siku ya mgao wengi wetu hukata kiroba kwa kisu. Hapo tumeharibu mali. Kiroba ni plastiki iliyoyeyushwa, ikatandazwa, ikachanwa kuwa nyuzi bapa, zikavutwa ziwe imara, kisha zikafumwa. Mdomo hushonwa kwa mshono wa mnyororo: vuta uzi, wote hufumuka. Ukigoma, anzia upande wa pili.

Wakati wa mavuno wanunuzi wa mahindi hutafuta viroba vizima. Vyangu vinne vilivyokatwa vilikataliwa sokoni. Mnaogawana kiroba kimoja, pokezaneni kitupu kwa zamu, msigombane. Kisikae juani, nyuzi hukatika. Kilichobeba mbolea au dawa ya mimea kisitiwe chakula, hata kikifuliwa.