SOMO LA HISA: Hisa za teknolojia ziwekewe kikomo

Machi 10, 2000 fahirisi ya soko la Nasdaq la Marekani, lenye kampuni nyingi za kompyuta, ilifunga kwa pointi 5,048. Oktoba 9, 2002 ilikuwa 1,114, anguko la asilimia 78. Kiwango cha awali kilivukwa Aprili 2015. Mzazi aliyekuwa ameweka humo ada zote za shule, mtoto wake alimaliza masomo kabla fedha hazijarudi.

Fundisho ni kwamba mwekezaji apange mapema sehemu ya mtaji itakayokaa katika hisa hizo, kisha aishikilie.

Kwa mfano, mwenye dola 10,000 anaweka 2,000 (asilimia 20) katika teknolojia na 8,000 katika hatifungani na amana za benki. Hisa zikipanda maradufu na nyingine kubaki zilivyo, teknolojia inakuwa dola 4,000 kati ya 12,000, yaani theluthi moja. Hajanunua hisa hata moja zaidi, lakini hatari imekua. Ili kurudi asilimia 20, anauza hisa za dola 1,600 na kununua hatifungani.

Likitokea anguko la asilimia 78, aliyeuza anabaki na dola 10,128. Asiyeuza anabaki na 8,880, chini ya mtaji wake.

Ukaguzi wa mara moja au mbili kwa mwaka unatosha, kwani mauzo huweza kuwa na gharama za dalali na kodi. Aidha, kumiliki kampuni tano za kompyuta si kutawanya mtaji. Mara nyingi huanguka pamoja.