Kikohozi cha Mjamzito: Tusiisingizie Mimba

Mtaani kwetu Maisaka, Babati, mjamzito akisema amechoka, jibu huwa tayari: "Ni mimba tu hiyo, itaisha ukijifungua." Mara nyingi ni kweli. Shida ni kwamba kifua kikuu nacho huleta uchovu huohuo, na hapo ndipo kinapojificha.

Dalili za kuulizia ni 4: kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa, jasho jingi usiku, na kupungua uzito. Mwenye VVU asisubiri wiki 2. Akikohoa tu, apimwe. Kwa mjamzito dalili ya 4 inadanganya: mtoto anakua, mizani inapanda, kumbe mama mwenyewe anakonda. Tazama kadi ya kliniki. Kama uzito haupandi inavyotakiwa, aulizwe kuhusu kikohozi.

Kujifungua hakumalizi hatari. Kinga ya mwili iliyobadilika wakati wa mimba hurudi, na ugonjwa uliotulia unaweza kujitokeza. Lakini wakati huo macho yote yako kwa mtoto. Mama akikohoa, eti kapigwa na baridi.

Kwetu Manyara naongeza swali la 5: nani mwingine anakohoa nyumbani? Vumbi la mawe kwenye migodi ya tanzanite ya Mirerani huharibu mapafu na kukirahisishia kifua kikuu njia. Baba akirudi na kikohozi, mama na kichanga wanavuta hewa hiyohiyo.

Kipimo ni makohozi. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa takriban saa 2, na huonyesha pia kama vimelea ni sugu kwa rifampisini. Eksirei ya kifua inaruhusiwa, tumbo likikingwa. Jibu likiwa hasi na dalili zikaendelea, arudi kupimwa.

Dawa ni bure. Matibabu ya kawaida ya miezi 6 anaweza kuyatumia mjamzito na anayenyonyesha. Inayoepukwa ni streptomaisini, maana inaweza kudhuru usikivu wa mtoto. Kinachotisha ni kukaa bila dawa: mtoto anaweza kuzaliwa njiti, au kuambukizwa na mama yake. Kwa hiyo mama akigundulika, na mtoto achunguzwe.

Sisi tunaosomea ualimu tutakaa ofisi moja na walimu wajawazito, na tutapokea wazazi wenye vichanga mgongoni. Kutibu si kazi yetu. Kuuliza "Mama, unakohoa tangu lini?" tunaweza, na akijibu wiki 2, tumsindikize zahanati siku hiyohiyo.