Kimelea Kisicho na Haraka

Malaria humwangusha mtu ndani ya siku chache, naye hana shaka kuwa anaumwa. Kifua kikuu hakina papara hiyo. Huanza kwa kikohozi ambacho mgonjwa hukidhania mafua, baadaye vumbi, baadaye baridi ya Julai. Suruali inalegea kiunoni, na majirani wanasema amekonda kwa mawazo. Miezi inapita kabla hajafika zahanati, na muda wote huo amelala chumba kimoja na wanawe. Watu huwa wepesi kumlaumu kwa uzembe. Mimi naona sababu kubwa iko kwenye kimelea chenyewe. Anayekielewa ataelewa pia kwa nini ugonjwa hunyemelea, na kwa nini dawa zake humezwa miezi sita mizima.

Kimelea hicho kinaitwa Mycobacterium tuberculosis, bakteria mwenye umbo la kijiti kidogo asiyeonekana bila hadubini. Daktari Robert Koch alitangaza kukigundua akiwa Berlin tarehe 24 Machi 1882, na ndiyo maana Siku ya Kifua Kikuu Duniani huadhimishwa tarehe hiyo. Upekee wake wa kwanza ni mwendo wake. Bakteria aitwaye Escherichia coli, anayeishi utumboni mwetu, akipata mazingira mazuri hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Kimelea cha kifua kikuu (TB) huchukua saa 15 hadi 20, wakati mwingine zaidi. Upekee wa pili ni ukuta wake, uliojaa mafuta mazito yenye asili ya nta, yaitwayo asidi ya mikoliki. Ukuta huo hukikinga dhidi ya ukavu na dhidi ya dawa nyingi za kawaida. Maabara huutumia ukuta huohuo kukitambua: makohozi hupakwa rangi nyekundu, kisha huoshwa kwa asidi na spiriti. Bakteria wengine hupoteza rangi, lakini hiki hubaki chekundu.

Njia yake ni hewa. Mgonjwa wa TB ya mapafu anapokohoa, kupiga chafya, kuimba au hata kuzungumza, hutoa chembe ndogo mno zenye vimelea, zinazoweza kuelea kwa saa kadhaa ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Ukizivuta, hufika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, ambako seli za kinga huzimeza. Kwa kawaida bakteria aliyemezwa hivyo humeng'enywa. Kimelea cha TB huzuia mmeng'enyo huo na kuanza kuzaana ndani ya seli iliyotumwa kukiua. Mwili hujibu kwa kukizingira kwa seli nyingi zinazounda kinundu, na kwa watu wengi mambo huishia hapo. Hali hiyo huitwa TB fiche: mtu haumwi na haambukizi wengine.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa. Kati ya watu 100 wa namna hiyo, 5 hadi 10 huja kuugua maishani, na hatari ni kubwa zaidi katika miaka miwili ya mwanzo. Anayeishi na VVU bila matibabu yuko katika hatari kubwa kuliko wote. Wako pia wenye kisukari, wenye lishe duni, wavutaji sigara, walevi, watoto wa chini ya miaka mitano, na wachimbaji wanaovuta vumbi la mwamba migodini.

Kinundu kikishindwa kukishikilia kimelea, katikati yake huoza na kufunguka kwenye njia ya hewa, na panabaki shimo ndani ya pafu. Humo kuna oksijeni tele, na vimelea huongezeka kufikia mamilioni. Ndipo dalili zinapojitokeza: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa hasa za jioni, jasho jingi usiku hata shuka kulowa, kukosa hamu ya kula, kupungua uzito, na maumivu ya kifua. Damu kwenye makohozi huweza kutokea, lakini wagonjwa wengi hawaioni kabisa. Inaniuma kusikia mtu akisema, "Bado sijakohoa damu." Kwa anayeishi na VVU, hata kikohozi cha siku moja kinatosha kumpeleka akapimwe.

TB haiishii mapafuni. Inaweza kuvimbisha tezi za shingo bila maumivu, kujaza maji kifuani, kula pingili za uti wa mgongo mpaka mtu akapata kibiongo, au kushambulia utando wa ubongo, hali inayoua watoto upesi. Mtoto mdogo mara nyingi hakohoi makohozi. Kinachoonekana ni kutoongezeka uzito, kunyong'onyea na homa isiyoisha. Kwake daktari anaweza kupima hata choo.

Hadubini huhitaji vimelea kama 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi ili ivione, kwa hiyo wagonjwa wengi huiponyoka. Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, husoma vinasaba vya kimelea kwa chini ya saa mbili na kuonyesha kama kimekuwa sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB. Kuotesha kimelea maabara huchukua wiki kadhaa, kwa sababu ya mwendo wake uleule. Kipimo ni kizuri kadiri ya makohozi yaliyoletwa: sukutua kwa maji, toka nje penye hewa, vuta pumzi ndefu, ukohoe kutoka kifuani. Mate hayatoshi. Majibu yakisema huna TB na dalili zikaendelea, rudi. Picha ya eksirei inaweza kuonyesha kilichofichika.

Tiba ya miezi sita ina historia ya kwetu. Zamani mgonjwa alitibiwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Majaribio yaliyofanyika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kwa ushirikiano na watafiti wa Uingereza, yaliyoanza kuchapishwa mwaka 1972, yalionyesha kuwa dawa za rifampisini au pirazinamidi zikiongezwa, miezi sita inaweza kutosha. Leo mgonjwa wa kawaida humeza dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili, rifampisini na isoniazidi, kwa miezi minne.

Dawa ni nyingi kwa sababu takriban kimelea kimoja katika milioni huwa tayari sugu kwa isoniazidi kwa bahati ya maumbile, na shimo moja la pafu laweza kubeba vimelea milioni 100. Muda ni mrefu kwa sababu vinavyozaana hufa wiki za mwanzo, na vilivyolala huhitaji kusubiriwa. Ndiyo hatari ya mwezi wa pili: kikohozi kimekata, uzito umerudi, na mtu anaona amepona. Akiacha dawa, vimelea vilivyobaki huamka, na vinaweza kuamka vikiwa sugu. TB sugu nayo inatibika, siku hizi mara nyingi kwa vidonge vya miezi sita bila sindano, ila dawa zake ni kali zaidi.

Mkojo wa rangi ya machungwa husababishwa na rifampisini na hauna madhara. Macho kuwa ya njano, kutapika mfululizo, kuona ukungu au miguu kuwaka moto ni mambo ya kurudi kliniki mara moja. Mwambie mhudumu kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango au ARV, kwani rifampisini hupunguza nguvu ya baadhi yake.

Nyumbani, fungua madirisha na ruhusu jua liingie. Hakuna haja ya kumtengea mgonjwa sahani wala kikombe. TB haipiti huko, na kutengwa humfanya afiche ugonjwa. Chanjo ya BCG anayopewa mtoto mchanga humkinga hasa dhidi ya TB ya ubongo na ile inayosambaa mwilini, lakini haimzuii mtu mzima kuugua. Kwa hiyo mtu mmoja akikutwa na TB ya mapafu, waliolala naye nyumba moja wapelekwe wote wakachunguzwe. Mtoto wa chini ya miaka mitano aliyekutwa mzima hupewa dawa za kuzuia TB hata kama anacheza na kula vizuri.